Diski ya Miaka Miwili, Rekodi za Miaka Mitano
Mwongozo wa diski na waranti kwa ofisi za mpakani, Busia na Malaba

Wakala wa forodha wa Malaba anatakiwa kisheria awe na karatasi zake kwa miaka 5. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2004, inampa afisa wa forodha muda huo wote, tangu siku bidhaa ilipoingia au kutoka, kumtaka mwenye mzigo au anayeshika karatasi zake atoe ankara, vitabu vya hesabu na kumbukumbu nyingine. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 nayo inamtaka mlipa kodi wa Kenya atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Sasa tazama waranti ya diski iliyomo kwenye kompyuta ya ofisi hiyo. Kama ni diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani, tuseme WD Blue au Seagate Barracuda, mtengenezaji ameahidi miaka 2. Miaka 3 iliyobaki ni yako mwenyewe.

Mwongozo huu unahusu miaka hiyo 3. Unawalenga mawakala wa kuondoa mizigo, makarani wa kampuni za malori, wenye saiba, wenye maduka ya jumla, na kila mtu ambaye kazi yake ya mchana hulala ndani ya kompyuta usiku.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo wa KRA, kwa hiyo hofu ya nini? Kilicho kwenye mfumo ni tamko ulilotoa. Ushahidi wa tamko hilo uko kwako: ankara ya muuzaji, hati ya kupokelea mzigo, barua za kubishania thamani, risiti za mafuta, posho za dereva. Mkaguzi anayekuja mzigo ukiwa umeshatoka na kusahaulika, huo ndio anaoulizia. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kifunguliwe rasmi Februari 2018, lori linahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, na sehemu kubwa ya karatasi zilizokuwa zikijazwa kwenye kabati za chuma sasa ni picha za skana ndani ya folda. Kabati lile halikuwa zuri, mchwa walilipenda, lakini halikuweza kufa lote kwa sekunde moja.

Miaka ilivyopungua

Kabla ya Oktoba 2002, diski ya kompyuta ya mezani ilikuja kwa kawaida na waranti ya miaka 3. Mwezi huo Maxtor, Seagate na Western Digital wakaishusha hadi mwaka 1, wote kwa mpigo. Mnamo 2004 Seagate ikageuka, ikatangaza miaka 5 ili kuwavuta wateja, na kwa muda hali ikawa nzuri. Kisha, Oktoba 2011, mafuriko yakafunika maeneo ya viwanda ya Ayutthaya na Pathum Thani nchini Thailand, nchi iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya diski za dunia. Kiwanda cha Western Digital cha Bang Pa-in kiliingia maji. Mtu wa Budalang'i, aliyeyazoea mafuriko, hahitaji kuchorewa picha hiyo. Bei zikaruka, na Desemba ya mwaka huohuo Seagate ikatangaza kwamba diski zake nyingi za mezani na za laptopu zitakuwa na waranti ya mwaka 1. Western Digital nayo ikashusha baadhi ya zake kutoka miaka 3 hadi 2.

Wakati huo washindani pia walikuwa wakimezana. Seagate ilikuwa imeshainunua Maxtor mwaka 2006 na kitengo cha diski cha Samsung mwaka 2011. Western Digital ikanunua kile cha Hitachi mwaka 2012. Waliobaki ni watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Mnunuzi akimkasirikia mmoja, ana milango miwili tu ya kubisha.

Diski hazikuoza ghafla Desemba 2011. Kilichobadilika ni nani anayebeba hasara. Ukitaka ithibati, angalia rafu ya leo: mtengenezaji yuleyule anayetoa miaka 2 kwa diski ya bei nafuu hutoa 3 kwa diski za kamera za ulinzi (WD Purple, Seagate SkyHawk), na 5 kwa WD Black au IronWolf Pro. Miaka ya waranti imekuwa bidhaa nyingine inayouzwa ndani ya boksi moja na diski, nawe unailipia. Kwa ofisi yenye rekodi za miaka 5, mara nyingi inafaa kuilipia, mradi ujue unanunua nini. Unanunua haki ya kupewa chuma kingine. Waranti ya diski, iwe ya mwaka 1 au ya miaka 5, haikuhakikishii kurudishiwa faili zilizopotea.

Hufa mara ngapi?

Kwenye karatasi za kiufundi utakuta diski imeandikiwa saa 1,000,000 kabla ya kuharibika. Ukigawanya kwa saa za mwaka unapata miaka 114, umri ambao hakuna diski imewahi kuufikia. Namba hiyo huzungumzia kundi kubwa la diski, na maana yake ni kwamba chini ya moja katika kila mia itaharibika kwa mwaka. Bianca Schroeder na Garth Gibson wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichunguza diski zipatazo 100,000 zilizokuwa kazini na kuchapisha matokeo mwaka 2007: badala ya kuwa chini ya asilimia 1, zilizobadilishwa kwa mwaka zilikuwa aghalabu asilimia 2 hadi 4, na kwingine zikafika 13. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayohifadhi data za watu na kuchapisha takwimu za diski zake tangu 2013, miaka ya karibuni imekuwa ikipata kati ya asilimia 1 na 2. Lakini diski hizo hukaa kwenye ukumbi wenye ubaridi, stima isiyokatika, na hakuna anayezigonga kwa goti chini ya meza.

Tuchukue asilimia 3 kwa mpakani. Ofisi yenye diski 5, kwa miaka 5 ambayo sheria inataka rekodi zidumu, ina uwezekano unaozidi nusu kidogo wa kupoteza angalau diski moja. Ni kama kurusha sarafu. Ofisi ya namna hiyo isiseme imepatwa na bahati mbaya.

Kununua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwanza, amua unanunulia upande gani wa mpaka. Kuvuka kwenda Busia ya Uganda kutafuta bei ni jambo la kila siku, na hakuna ubaya. Ila diski ikifa, mtu wa kwanza wa kumwendea ni muuzaji, na sheria ya Kenya haimfuati muuzaji ng'ambo ya mpaka kirahisi. Upande wa Kenya una Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012, ambayo kifungu chake cha 5 kinamhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora wa kuuzika, asema asiseme. Kibao cha ukutani kinachotangaza kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi hakifuti haki hiyo. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na pale penye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Ukiokoa mia kadhaa upande wa pili, umeuza hayo yote kwa bei hiyo.

Pili, namba ya siriali. Kila diski ina yake kwenye kibandiko, na kila mtengenezaji ana ukurasa wa kuikagulia. Iingize ukiwa bado dukani, kabla ya kutuma M-Pesa. Majibu ni ya aina tatu. Waranti ipo na tarehe inaonekana: endelea. Waranti imekwisha: hiyo si diski mpya, hata kama plastiki yake inang'aa. Jibu la tatu ni kwamba diski iliuzwa kwa kampuni ya kompyuta, kama Dell au HP, na hivyo dai lote liende huko. Hiyo aghalabu imechomolewa kwenye mashine, na kwa mnunuzi wa kaunta ni sawa na diski isiyo na waranti ya mtengenezaji. Tena, watengenezaji wameigawa dunia kwa kanda. Diski aliyokuletea ndugu kutoka Marekani au Dubai inaweza kuwa mpya na halali kabisa, ila ikagoma kudaiwa hapa.

Tatu, kuukuu iliyovishwa upya. Mwanzoni mwa 2025 wanunuzi wa Ujerumani waligundua kwamba diski za Seagate Exos walizouziwa kama mpya zilikuwa zimeshafanya kazi maelfu ya saa. Waliozichezea walikuwa wamerudisha saa za kawaida hadi sifuri, wakasahau kwamba ndani ya diski hizo kuna kumbukumbu nyingine, inayoitwa FARM, isiyofutika kirahisi. Fununu za wakati huo zilielekeza kwenye mashamba ya sarafu ya kidijitali ya Chia, iliyoanza 2021 na kumeza diski kwa maelfu kabla ya kudorora. Kama Ujerumani waliuziwa, sisi tunaonunua ex-UK kwa mizani ya jicho tuwe macho zaidi. Fundi wako anaweza kusoma FARM kwa programu ya bure ya smartmontools, toleo la 7.4 au jipya zaidi. Diski iliyotumika si dhambi kuinunua, bali iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Nne, zile diski za nje na flashi zinazotembezwa mkononi kwenye foleni ya malori, zenye ukubwa wa ajabu kwa bei ya chai na chapati. Ndani mna kadi ndogo iliyofundishwa kudanganya. Zinapokea faili, zinaonyesha majina yake, na ukifungua unakuta utupu. Programu ya bure ya H2testw hujaza diski yote kisha huisoma tena. Uongo hautoki salama kwenye jaribio hilo.

Mwisho, risiti. Ya ETR, yenye tarehe, na muuzaji aandike namba ya siriali juu yake. Karatasi hizi huwa nyeupe kabla ya mwaka kwisha, basi ipige picha siku hiyohiyo. Bila risiti, mtengenezaji huanza kuhesabu miaka tangu diski ilipotoka kwake, na huenda ilikaa stoo mwaka mzima kabla ya kufika Busia.

Siku ya kwanza

Usihamishie kazi kwenye diski mpya siku unayoinunua. Ijaze yote kwa faili za majaribio, isome yote, iache usiku kucha. Diski nyingi zenye kasoro ya kiwandani hujitangaza mapema, na muuzaji wa jana hubadilisha kwa moyo mweupe kuliko muuzaji wa mwezi jana.

Kisha ifunge kwa fumbo. Windows za Pro zina BitLocker. Kuna programu za bure pia. Jambo hili hudharauliwa na ofisi nyingi, na sababu yake iko kwenye waranti yenyewe. Ili upewe diski nyingine lazima uitoe ile iliyokufa, na diski iliyokufa huwezi kuifuta. Ndani yake mna nakala za pasipoti za madereva, vitambulisho, PIN za KRA za wateja. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ofisi iliyoamua namna ya kutumia data hizo hujibu kwa usalama wake, na data zikifikiwa na wasiohusika kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 baada ya kugundua. Ukiwa umefunga diski siku ya kwanza, unaikabidhi bila kutetemeka. Kama hukufunga, nakushauri usahau waranti na uipige nyundo. Neno la siri la kufungulia liandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mbali na kompyuta. Ukilipoteza, umejifungia nje mwenyewe.

Stima nayo iangaliwe. Mvua za alasiri zinazokuja na radi ni sehemu ya maisha magharibi mwa Kenya, na uharibifu wa umeme mkali hautambuliwi na waranti yoyote ya diski. Kinachoumiza ni stima kukatika diski ikiwa inaandika, na zaidi kurudi kwake kwa kishindo. UPS ndogo kwa kila kompyuta yenye rekodi inatosha. Betri yake huchoka, kwa hiyo mara moja kila baada ya miezi michache chomoa plagi makusudi uone kama inashika.

Nakala: ngapi, na ziishi wapi

Tatu: moja kazini, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya jengo. Diski ya nje isiishi imechomekwa, kwa sababu radi iliyoua kompyuta hupita kwenye waya huohuo. Kopi jioni, chomoa, funga kabatini.

Ya tatu ndiyo ngumu, na mpakani tuna njia ambayo wengine hawana. Kampuni nyingi za uwakala zina ofisi Busia na Malaba, mwendo wa kilomita 30 hivi. Basi diski ya Busia ilale Malaba, na ya Malaba ilale Busia, zibadilishwe kila Ijumaa na mtu anayesafiri kwa kazi nyingine. Mwenye ofisi moja aipeleke nyumbani Burumba au Amagoro. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri pia kwa anayemudu bando. Tahadhari ni moja: simu zetu hunasa mitandao ya Uganda bila kuuliza, na ofisi inayopandisha faili kupitia simu inaweza kuamka asubuhi salio limeteketea kwa gharama za ng'ambo. Chagua mtandao kwa mkono na uzime huduma ya ng'ambo.

Mara moja kila robo mwaka, fungua faili kumi kutoka kwenye kila nakala, zikiwemo za miaka 4 iliyopita. Nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Diski za SSD hazina sehemu inayozunguka, na kwa kazi ya kila siku ni bora. Waranti yake huhesabu vitu viwili, miaka na kiasi cha kuandika, na kinachotangulia ndicho kinachoifunga: Samsung 870 EVO ya 500GB, kwa mfano, ni miaka 5 au terabaiti 300. Ofisi ya karatasi haiwezi kufikia kiasi hicho. Mashine ya kamera za ulinzi inayoandika usiku na mchana inaweza. Usiitumie SSD kama ghala la kabatini, kwa sababu ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kusahau.

Dalili

Kila diski hujiandikia rejesta ya afya iitwayo SMART, na CrystalDiskInfo huisoma bure. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. Hiyo hutaja sehemu za diski zilizoharibika au zinazokataa kusomeka. Sifuri ni afya. Namba ikitokea, kopi leo. Ikipanda wiki hadi wiki, diski imeaga. Watafiti wa Google walioangalia diski zaidi ya 100,000 waliona kwamba baada ya kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wa diski, uwezekano wa diski hiyo kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya zisizo na kosa. Lakini utafiti huohuo wa 2007 ulikuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne zilizo kali. Rejesta safi isikufanye uahirishe kopi ya Ijumaa.

Ikianza kugonga tak-tak, zima. Usiiwashe tena kujaribu bahati: kichwa kinachosoma huelea juu ya uso wa diski kwa pengo dogo kuliko chembe ya vumbi, na kila mzunguko unaweza kuwa unaukwangua. Fundi atakayependekeza kuifungua mezani, vumbi la malori likiingia dirishani, mshukuru na uondoke. Kuifungua huua waranti, na aghalabu huua data pia. Kama faili zina thamani kuliko diski, peleka kwa wenye chumba safi Nairobi na uulize bei kwanza.

Kudai

Nenda kwa muuzaji na risiti, namba ya siriali na picha ya skrini inayoonyesha kosa. Mtake akuandikie tarehe aliyoipokea na sahihi yake, maana diski hupitia kwa msambazaji Nairobi na huko majuma hupotea kwa urahisi. Muuzaji akikuzungusha, fungua dai moja kwa moja kwenye tovuti ya mtengenezaji. Gharama ya kuituma kwa kawaida ni yako. Ifunge kwa sponji nene. Diski iliyofika imegongwa hukataliwa, na hapo hutaweza kuthibitisha ni nani aliyeigonga kati yako na gari la vifurushi.

Utakayoletewa mara nyingi haitakuwa mpya, bali iliyotengenezwa upya kiwandani. Miaka yake haianzi upya pia: kwa kawaida hurithi kilichobaki cha waranti ya kwanza, au siku 90, kilicho kirefu zaidi. Ijaribu usiku kucha kama ulivyofanya mwanzo, ifunge kwa fumbo, uandike juu yake kwa kalamu nzito tarehe ya mwisho wa waranti na, chini yake, mwaka ambao rekodi zilizomo zinaruhusiwa kufutwa. Iingie kwenye zamu kama nakala ya pili au ya tatu.